Hapa Anajibu Mtu

Wasomaji walimpachika jina la Bi Kimya, naye hakulikataa. Kwa miaka mingi alikaa kwenye meza ya mbele ya chumba cha kusomea, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, akimtazama kila aliyenong'ona mpaka anyamaze. Hakuwa mkali. Alikuwa na namna yake ya kuinua kidole nusu njia, kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi, na chumba kizima kikatulia. Waliomwogopa walipokuwa wanafunzi walikuja baadaye na watoto wao, wakawaonya mlangoni: "Humo ndani yumo Bi Kimya. Mtakiona cha mtema kuni."

Kisha uongozi ukaamua maktaba ihamie mtandaoni. Vitabu vilibaki kwenye rafu zake, lakini makabati ya kadi za orodha ya vitabu yaliondolewa, na mtu akaweza kutafuta kitabu, kukiazima na hata kukisoma bila kutoka kitandani. Kwenye ukurasa wa maktaba, pembeni chini, kikafunguliwa kidirisha kidogo kilichoandikwa "Uliza Mkutubi". Msomaji anaandika swali lake huko aliko, na mkutubi anamjibu papo hapo.

Mkuu wa maktaba, mwanamume mpole aliyeogopa ugomvi kuliko moto, alimwita ofisini kwake.

"Bi mkubwa, maktaba hii unaijua kuliko hata panya wake," alimwambia. "Kidirisha hiki tunataka ukishike wewe."

"Mimi? Mimi kompyuta naiwasha kwa kumwomba Mungu."

"Utafundishwa."

"Na meza yangu ya mbele?"

Mkuu akatazama kalamu yake. "Wasomaji wa kuja kwa miguu wamepungua. Umeona mwenyewe."

Ni kweli alikuwa ameona. Siku nyingine chumba cha kusomea kilikuwa na watu wachache hata hapakuwa na wa kunyamazishwa.

Wakampa chumba cha juu, kilichokuwa cha magazeti ya zamani. Magazeti yalishaondolewa lakini harufu yake ilibaki ukutani. Palikuwa na meza, kompyuta, kiti cha magurudumu ambacho hakukiamini, na dirisha moja lililotazama ukuta wa jengo la jirani.

Wa kumfundisha alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke kijana ambaye jengo zima lilimwita Nywila, kwa sababu kila alipoingia ofisini kwa mtu neno lake la kwanza lilikuwa hilo: nywila yako ni ipi?

"Mama, taratibu," alimwambia siku ya kwanza. "Kipanya hakiuawi. Kibofye tu. Bofya mara mbili."

"Nimebofya mara mbili."

"Umebofya mara moja, ukapumzika, ukabofya tena. Hata chai ungeweza kunywa hapo katikati."

Bi Kimya alicheka, lakini nyumbani alifanya mazoezi kwa kugonga meza ya chakula kwa kidole, mara mbili, mara mbili. Hakuna aliyemwuliza kulikoni, kwa kuwa hakukuwa na mtu.

Katika nyumba hiyo alikuwa amekaa na mdogo wake tangu walipokuwa wasichana walioanza kazi. Wote wawili hawakuolewa, na watu waliacha kuwauliza. Mdogo mtu alikuwa msema sana, mshona vitambaa vya meza, mtu wa kuacha milango ya makabati wazi. Kisha, ana miaka hamsini na kitu, akaolewa. Jamani! Alikwenda kwenye msiba wa rafiki, akakutana na fundi cherehani mjane, wakaanza kubishana juu ya namna ya kupinda pindo, na kabla mwaka haujaisha akafunga mizigo yake akahamia mji mwingine. Bi Kimya aliisimamia arusi yote mwenyewe. Alicheza, alipika, alipokea wageni. Aliporudi nyumbani akakuta milango yote ya makabati imefungwa, akakaa chini.

Kila Jumapili mdogo wake alipiga simu.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo. Nyie?"

"Sisi wazima. Kazi?"

"Inaendelea vizuri."

"Na nyumba?"

"Nyumba iko salama."

Yakawa ndiyo hayo kila juma, mpaka salio likaisha au shemeji akaita kutoka chumba kingine.

Kidirisha kikafunguliwa. Mwanzoni Bi Kimya alikuwa mzito wa kuandika. Alitafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Kwa hiyo Nywila alimwekea majibu tayari pembeni ya skrini, akawa anabofya tu. *Karibu maktaba. Naweza kukusaidia vipi?* Au: *Kitabu hicho kipo. Bofya hapa kukiazima.* Au: *Samahani, tafadhali fafanua swali lako.* Majibu yalikuwa safi, na yalifika haraka. Wasomaji, ambao mfumo uliwaita wote "Mgeni", wakadhani wanajibiwa na mtambo.

Mmoja aliandika: *We roboti, nitafutie historia ya reli.* Mwingine alimtukana ili aone mtambo utasema nini; Bi Kimya akabofya *Samahani, tafadhali fafanua swali lako*, na aliyetukana akaondoka. Mwingine akauliza saa za kufunga, akajibiwa, akaondoka bila hata asante, maana nani humshukuru mtambo? Bi Kimya aliona ni jambo la kuchekesha. Akataka kumsimulia mtu. Akashuka ngazi mpaka chini, akakuta kila mmoja ana lake, akapanda tena.

Ndipo alipoandika mgeni mmoja: *Natafuta kitabu cha mapishi ya mtu mmoja.*

Bi Kimya alitafuta. Vitabu vya mapishi vilikuwa vingi: vya wagonjwa, vya watoto wachanga, vya karamu. Vyote viliandikwa kwa watu sita. Akakumbuka Nywila alivyomwonyesha kuchuja matokeo, akachuja kwa mada, akachuja kwa mwaka, mpaka akapata kijitabu cha wanafunzi wa mabwenini, kurasa chache tu, kila pishi la sufuria moja na sahani moja. Akamtumia.

*Asante, mashine*, mtu akaandika.

Asante hiyo tu ilimtosha kwenda nayo nyumbani.

Kesho yake, baada ya saa ya chakula cha mchana, yakaja maneno: *Mashine, upo?*

Akabofya: *Karibu maktaba. Naweza kukusaidia vipi?*

*Kitabu kinasema chumvi kiasi. Kiasi ni kiasi gani?*

Hapakuwa na jibu tayari la hilo. Bi Kimya akavuta kibodi, akaandika kwa vidole vyake mwenyewe: *Kidogo kuliko unavyofikiri. Onja.*

*Kwani wewe mashine unaonja?*

Alicheka peke yake chumbani mle, kicheko cha sauti, akajiziba mdomo. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Angeandika tu: mimi si mashine, ni mama wa makamo mwenye miwani, na yangekwisha. Lakini utani ulimnogea. Akaandika: *Nimesoma kwamba watu huonja.*

*Hahaha. Mashine una akili.*

Basi akawa anakuja. Si kila siku, lakini siku nyingi, saa ileile ya mchana. *Mashine, upo?* Na yeye: *Nipo.* Aliuliza habari za mayai, habari za mende, habari za kwa nini maharage hayaivi. Aliazima kitabu cha usafiri, akakisoma kwa siku mbili, akarudi kukisema vibaya. Bi Kimya alijifunza mengi kwa ajili yake. Alijifunza kutafuta makala ndani ya majarida, kuomba kitabu kutoka maktaba ya mji mwingine, kutuma vitabu vya kusikiliza, kwa sababu mtu huyo alisema macho yanachoka. Nywila alipokuja kuweka jambo sawa akamkuta na kurasa nane zimefunguliwa kwa pamoja, anaruka hii kwenda ile.

"Mama, siku hizi unaandika kama karani wa mahakamani! Nani amekufundisha?"

"Kazi," Bi Kimya akajibu, akasogeza kiti ili skrini isionekane.

Kidogo kidogo mtu yule akaacha kuuliza vitabu peke yake. Alisema alikuwa dereva wa gari la wagonjwa mpaka alipostaafu. Alisema mke wake alianza kusahau: kwanza mahali pa funguo, kisha njia ya kurudi nyumbani, kisha kwamba jiko linawaka. Binti yao akaja na mumewe, wakazungumza kwa upole sana, wakamchukua mama wakaenda kuishi naye. Baba hawezi peke yake, walisema. Akabaki na nyumba, na sufuria zilizomzidi ukubwa.

*Nakwambia wewe kwa kuwa huna huruma*, aliandika siku moja. *Watu nikiwaambia wananihurumia. Wanalaza kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama punje. Siwezi kula mbele ya mtu wa namna hiyo. Wewe huna kichwa.*

Bi Kimya, aliyekuwa amelaza kichwa upande mmoja, akakinyoosha.

Siku hiyo alipofungasha vitu vyake alishuka mpaka meza ya Nywila, akasimama akichezea uzi wa miwani.

"Mwanangu, nikuulize. Mtu akifikiri mimi ni mtambo, kuna ubaya?"

Nywila hakuinua macho kwenye waya aliokuwa akiufungua. "Inategemea anakwambia nini."

"Kama anauliza vitabu?"

"Vitabu si kitu."

"Na kama anasema mambo yake?"

Hapo Nywila akainua macho. "Basi mwambie, mama. Mtu ana haki ya kujua anamfungulia nani mlango."

Bi Kimya akaitikia kwa kichwa. Alikusudia kumwambia kesho. Kesho ikaja, mtu akaandika *Mashine, upo?*, na Bi Kimya akaona ni kama anaulizwa kama anataka kubaki na chumba kile na ukuta ule peke yake. Akaandika *Nipo*. Akasema moyoni, kesho. Alianza kuvaa mtandio wake mzuri siku za kazi, ule wa arusi ya mdogo wake, wakati mtu mwenyewe hamwoni.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, na taa za ngazi zilikuwa zimezimika. Mtu aliandika mapema kuliko kawaida yake, na hakuuliza kama yupo.

*Nimetoka kwa binti yangu. Mke wangu sasa haniiti kwa jina. Ananiita dereva. Ananiambia, dereva, nirudishe nyumbani, watu hawa siwajui. Namwambia hapa ndipo nyumbani kwa sasa. Analia. Nikiondoka analia zaidi, mpaka usiku, binti yangu anasema. Ameniomba nipunguze kwenda. Hakusema niache, lakini ninamjua mwanangu, alitaka kusema niache.*

Kisha:

*Mashine, wewe umesoma vitabu vyote. Niambie. Niache kwenda?*

Bi Kimya aliweka mikono yake mapajani. Upande wa kulia majibu yaliyotayarishwa yalijipanga, yakimngoja kama kawaida. Angeweza kumtafutia kitabu. Vilikuwapo, alivijua, viwili vizuri na kimoja cha ovyo. Lakini mtu hakuomba kitabu. Alikuwa tayari kufanya lolote atakaloambiwa, kwa kuwa aliamini anayemwambia hana moyo wa kukosea. Akiambiwa acha, angeacha.

Akaandika, akafuta. Akaandika tena.

*Kabla sijakujibu, lazima nikwambie jambo. Mimi si mashine. Mimi ni mkutubi. Ni mtu.*

Mvua ilipiga bati la jengo la jirani.

*Tangu lini?*

*Tangu mwanzo.*

*Hata ile siku ya chumvi?*

*Hata hiyo.*

Aliona alama za kuonyesha kwamba mgeni anaandika, zikapotea, zikaja, zikapotea.

*Mama au baba?*

*Mama. Mtu mzima. Nisamehe. Nilipaswa kukwambia.*

*Basi ningevaa shati*, mtu akaandika. Na kabla Bi Kimya hajajua acheke au alie, kwenye skrini yakatokea maneno ya mfumo: *Mgeni ameondoka.*

Alikuwa hata hajamjibu swali lake.

Alingoja siku ile, na siku iliyofuata, na juma zima. Kila mgeni alipofungua kidirisha moyo ulimruka, na kila mara ilikuwa ni mwingine: mwanafunzi anayetaka mitihani ya zamani, mama anayetafuta majina ya watoto. Aliwajibu wote, lakini alikuwa kama mtu anayehudumia wageni huku sikio liko mlangoni. Mwishowe akamwendea Nywila.

"Nitafutie mtu mmoja. Aliandika mvua iliponyesha, juma lililopita."

"Jina lake?"

"Mgeni."

Nywila akamtazama. Wakati mwingine angetania, lakini aliuona uso wake. "Mama, mfumo hautunzi majina ya wanaouliza. Tuliufanya hivyo kwa makusudi, ili watu wasiogope. Na hata ungetunza…"

"Usingenipa."

"Nisingekupa."

"Ni sawa," akasema Bi Kimya. "Ni sawa kabisa." Akavuta kiti akakaa, akamweleza yote, tangu mapishi hadi shati. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo kwa kinywa, na lilivyotoka aliona jinsi lilivyokuwa refu. Nywila alisikiliza mpaka mwisho bila kulaza kichwa upande wowote.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," akasema Bi Kimya. "Na mimi wala sikutumia ulimi. Nilijikwaa kwa vidole kumi."

Pamoja walipanda kwa mkuu. Bi Kimya aliomba maneno matatu yawekwe juu ya kidirisha: *Hapa anajibu mtu.* Mkuu akakuna kidevu. Alisema watu wanapenda mashine, hawaoni haya mbele yake. Maswali yatapungua, na wakubwa wanataka kuona yanaongezeka.

"Yapungue," alisema Bi Kimya, kwa sauti ambayo mkuu hakuwahi kuisikia kwake. "Atakayeuliza aulize akijua."

Maneno yakawekwa, na maswali yakapungua kweli. Alasiri nyingine zilipita bila hata swali moja, na Bi Kimya akakaa na mikono mitupu. Waliobaki walikuwa wachache na wenye aibu. Mmoja aliandika: *Ni mtu kweli?*

*Ni mtu.*

*Basi shikamoo.*

"Marahaba," akasema Bi Kimya kwa kinywa, kisha akakumbuka kuandika.

Jumapili simu ikalia. Mdogo wake akauliza hujambo, akajibiwa sijambo. Akauliza kazi, akaambiwa inaendelea vizuri. Akauliza nyumba, akaambiwa iko salama. Mdogo mtu akavuta pumzi.

"Dada, mbona wanijibu kama ujumbe wa kampuni ya simu? Mpendwa mteja, salio lako ni hili. Nikipiga nikikata ni yaleyale. Mimi nimekukosea nini?"

Bi Kimya alikuwa amesimama jikoni. Akaegemea kabati. Alitaka kusema hujanikosea; badala yake akafungua mlango wa kabati, akaufunga.

"Dada? Dada, upo?"

"Nyumba imekuwa kubwa, mdogo wangu," akasema. "Imekuwa kubwa mno. Siijui tena."

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa, na mlio wa cherehani ukapotea.

"Nilidhani umenikasirikia," akasema mdogo wake.

"Nilikukasirikia pia. Ulipata mtu wa kubishana naye ukasahau kwamba mimi nilikuwa nakaa pale nawasikiliza ninyi wote mkibishana na ulimwengu, wewe na redio." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Nilikuonea wivu. Haya, nimesema."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema mdogo wake, naye analia. "Ungesema mapema, mpumbavu wewe. Mwisho wa juma hili unakuja. Sitaki kusikia."

Akaenda. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa ndogo, imejaa vitambaa na vipande vya nguo, na shemeji alizungumza kuanzia alipomfungulia mlango mpaka alipopewa chai. Walimkirimu vizuri. Lakini Bi Kimya aliona jinsi wawili wale walivyokuwa na mambo yao: neno moja la shemeji, mdogo wake akacheka kabla halijaisha, na yeye asijue kilichochekesha. Usiku wa kwanza alilala kwenye kochi akiwasikiliza wakinong'ona nyuma ya mlango. Akajua kwamba hata angehamia hapa, upweke wake ungehama naye, ungekaa hapo hapo kwenye kochi.

Asubuhi shemeji alipoketi kwenye cherehani yake, ndugu wawili walikaa kitandani wakikunja nguo, na Bi Kimya akasimulia habari za dereva.

"Na ungemwambia nini?" mdogo wake akauliza. "Aache au aende?"

"Nimewaza kila siku." Bi Kimya akalaza shati, akapiga pasi kwa kiganja. "Ningemwambia aende. Lakini asiende kama mume, aende kama dereva. Yule mama jina limempotea, lakini dereva anamjua, na anamwamini, ndiyo maana anamwomba yeye. Sasa kwa nini abishane naye kwamba hapa ndipo nyumbani? Ampakie garini. Azunguke naye mtaa, taratibu, watazame nani anauza nini, nani amejenga. Kisha amrudishe palepale mlangoni, amwambie: mama, tumefika. Huenda atalia. Huenda asilie. Lakini dereva atakuwa ameombwa jambo akalitimiza."

Mdogo wake aliacha kukunja. Ndani ya chumba cha pili cherehani nayo ilikuwa imenyamaza.

"Hilo ni neno, dada. Mwandikie."

"Nimwandikie wapi? Hana jina, hana anwani. Maji yamekwisha kumwagika."

"Kwani mgonjwa wa kusahau ni wake peke yake?" shemeji akaita kutoka kwenye cherehani yake, bila kuona haya kwamba alikuwa akisikiliza. "Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Miaka ile mimi nilibishana naye kila siku. Mtu angeniambia hayo ya gari!"

Jumatatu Bi Kimya alimwita Nywila amfundishe jambo moja jipya: namna ya kuweka makala kwenye ukurasa wa mbele wa maktaba. Alidhani ni kazi ya mafundi. Kumbe ilikuwa ni vibonyezo vichache na uvumilivu. Akachagua vitabu vya wanaouguza watu waliopoteza kumbukumbu, vile viwili vizuri, cha ovyo akakiacha. Akaweka na vya kusikiliza, kwa wenye macho yaliyochoka. Chini yake akaandika maneno yake mwenyewe. Hakumtaja dereva wala gari la wagonjwa wala binti. Aliandika tu kwamba mgonjwa akiomba kurudishwa nyumbani si lazima kubishana naye. Kwamba kama amekugeuza jirani, au fundi, au dereva, basi kuwa huyo jirani, huyo fundi, huyo dereva, umzungushe kidogo umrudishe. Kwamba kusahauliwa jina si kufukuzwa. Na akaandika: *Usiache kwenda.*

Akasoma mara nyingi. Nywila akamwuliza, "Tuweke jina lako?"

"Weka 'mkutubi'."

Akabofya, mara moja, bila kupumzika.

Watu walisoma. Mkuu alikuja mwenyewe juu, akihema kwa ngazi, kumwambia kwamba waliosoma ni wengi kuliko wa tangazo lolote la maktaba. Kwenye kidirisha wakaanza kuja watu wa namna nyingine. Msichana aliyemwuguza bibi yake aliuliza afanye nini bibi anapomwita kwa jina la adui yake wa ujana. Muuguzi aliomba ruhusa ya kuchapa makala aibandike wodini. Mwanamume mmoja aliandika kwamba mama yake amekwisha kufariki na hakuwa na swali, alitaka tu kusema kwamba amesoma. Bi Kimya alimjibu kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Yale majibu tayari ya pembeni alimwomba Nywila ayaondoe.

Yule dereva hakuandika tena. Kama alikuwamo kati ya waliosoma, hakusema, na Bi Kimya hakupata kujua kama aliendelea kwenda kwa mkewe au aliacha. Mwanzoni alikuwa akilitafuta neno lake katika kila neno la mgeni. Baadaye akaacha, lakini ile saa ya baada ya chakula cha mchana iliendelea kumpita vibaya. Alijizoeza kuitumia kumpigia mdogo wake simu. Siku nyingine walizungumza mpaka shemeji akalalamika. Siku nyingine mdogo wake hakupokea, maana ana mume na ana shughuli zake. Na hapo Bi Kimya aliweka simu mezani, akafuta miwani, akakaa tu mbele ya kidirisha kitupu, akingoja mgeni wa kwanza aandike.